Kitanda Kilichowekwa Rehani Mara Mbili

Usiku wa kuamkia leo niliota nafundisha hesabu za sehemu darasa la nne B, na kadi yangu ya benki ikanyoosha mkono.

Kadi hazina mikono, najua. Hii ilikuwa nao. Ilikuwa imekaa dawati la nyuma, imebanwa katikati ya kadi nyingine kwa mpira mmoja, na ilisubiri hadi nilipoitaja.

"Mwalimu," ikasema, "naomba kwenda nyumbani."

Niliiuliza imetoka wapi. Ikajibu imetoka kwenye droo, kulekule nilikoiacha.

Hapa sina budi kueleza. Miezi minane iliyopita nilikopa kwenye kampuni moja ya hapa Mafinga, ya wale wanaobaki na kadi yako ya benki pamoja na namba ya siri, ili mshahara ukiingia wao ndio waanze kunawa mikono. Nilikopa ninunue bati. Mke wangu, Twilumba, mama wa mtoto wetu Olipa, alikuwa amechoka kukinga mabeseni kila mvua inaponyesha, na mimi nilikuwa nimechoka kumwona akiyakinga. Mkataba ulitaka mwenza aridhie kwa saini. Sikutaka ajue, kwa hiyo nikamwomba dada wa duka la fotokopi asaini kama mke wangu. Alisaini kwa soda moja. Tangu hapo mshahara unafika nyumbani umekonda, nami namwambia Twilumba kuwa ni makato ya serikali. Serikali inasingiziwa mengi, niliona hili halitaiumiza.

Kwa hiyo kadi iliponyoosha mkono, hofu yangu haikuwa kwamba inaongea. Niliogopa nani mwingine ameisikia.

"Twende," nikaiambia, "lakini Mama Olipa asijue."

Nafungua mlango wa darasa. Uwanja wa mpira haupo, ipo ofisi. Kibao kimeandikwa OFISI YA KULINDA WAKOPAJI, na chini yake, kwa herufi ndogo: Hapa hatukopeshi, usijisumbue. Mlinzi ananipa bahasha kubwa ya kaki, imetobolewa macho mawili na mahali pa kupumulia, ananiambia niivae kichwani.

"Siri ya mteja," anasema. Yeye mwenyewe amevaa mbili.

Ukumbi mzima umejaa watu wenye bahasha vichwani. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga, na ofisi imepanga watu kwa kufuata hilo. Waliokopa juzi wako kwenye meza zenye vitambaa, wanalishana keki. Waliofikia kulipa wamekaa chini kwenye mikeka, wamenyoosha miguu. Sikuulizwa, nilioneshwa mkeka.

Nilikaa karibu na mwanamke mwenye bahasha iliyokunjamana, anayejikuna muundi kwa kisigino cha mguu wa pili. Miguu ile nilikuwa naifahamu, lakini ndotoni sikukumbuka naifahamu kutoka wapi, kwa hiyo nikamwamkia kama mgeni. Akanisogezea nafasi.

Tulizungumza, maana foleni haikuwa inasogea. Yeye alikuwa kwenye kikundi cha akina mama cha mikopo ya kausha damu, wale wa kurejesha kila Jumatano. Ukikosa rejesho, wenzako wote wanakuja nyumbani kwako, wanakaa kwenye makochi na hawaondoki hadi pesa ipatikane. Ili wasije, yeye huenda kwao mapema, na kwa mumewe husema anaenda mazoezi ya kwaya. Nilimwuliza kwa nini alikopa. Akasema mshahara wa mumewe siku hizi unakuja kiduchu, na mumewe ni mtu wa aibu. Basi yeye hununua unga na mchele kwa pesa ya kikundi, halafu husema ni pesa ya mayai.

Nilimwuliza ana kuku wangapi. Akasema watano. Nikamwambia, bila kuficha, kwamba mume anayeamini kuku watano wanalisha nyumba ana kasoro mahali.

"Hana kasoro," akasema. "Anaogopa kuuliza."

Nyumbani kwetu pia tuna kuku watano, lakini watu wengi Mafinga wana kuku watano.

Tukaitwa pamoja. Karani alieleza kuwa majalada yetu yameshikana na kila wakiyatenganisha yanalia.

Chumba cha afisa ni shamba la chai. Meza imewekwa katikati ya mistari ya michai, na manyunyu yanaanguka kila mahali isipokuwa juu ya karatasi. Afisa anaitwa Mgaya. Ni muhuri wa mpira mwenye kimo cha mtoto wa darasa la tano, amevaa koti. Akitaka kusisitiza neno analirukia, na neno linabaki mezani limegongwa kwa wino wa bluu.

Kampuni iliyonikopesha iliwakilishwa na droo. Afisa Mgaya aliiuliza kama imeshika kadi ya mwalimu huyu. Droo ikatikisika, haikusema. Ilikuwa na sababu nzuri: kila ikifungua mdomo, kadi zingeonekana. Tukasubiri. Afisa alisema hana haraka, anastaafu mwaka ujao. Mwishoni manyunyu yaliipata droo puani, ikapiga chafya, na kadi za walimu, za manesi na za askari wawili zikamwagika kwenye michai. Ya kwangu ilinirukia mapajani.

"Umekonda," ikaniambia.

Niliiambia na yenyewe imekonda. Nilijisikia vibaya kuliko nilivyotegemea, maana jina langu lilikuwa juu yake na nilikuwa nimeliacha gizani miezi minane.

"Mkopeshaji hakai na kadi ya mtu," alisema Afisa Mgaya, akarukia neno hakai mara mbili. Droo ikaomba ruhusa ya kwenda kufikiria, ikatoka kinyumenyume.

Kisha akaitwa Riba wa yule mwanamke. Akaja binti mwembamba mwenye adabu, akapiga goti kusalimia. Nikamhurumia. Nilifikiri, kama huyu ndiye anayemtesa mama wa watu, basi tumekuwa dhaifu sana.

"Simama kwa wiki," alisema afisa.

Riba akasimama. Alinifika kiunoni.

"Simama kwa mwezi."

Akasimama tena, na sasa ilitubidi tuinue shingo. Afisa akamwambia asimame kwa mwaka. Riba akasita, akauliza kwa sauti ndogo kama ni lazima asimame urefu wote. Akaambiwa wote. Akaendelea kusimama. Alipita miti ya paini upande wa pili wa barabara, akapita nguzo za umeme, hadi maneno yake yakawa yanatufikia yamechelewa.

"Samahani, mama," yalitufikia. "Nilidhani unanifahamu."

"Nilikuona umekaa," akajibu mwanamke.

Afisa Mgaya aliandika kwamba mteja alioneshwa Riba akiwa amekaa, jambo ambalo haliruhusiwi. Akamruhusu Riba akae tena, kwa sababu alikuwa anazuia mwanga wa chai.

Zamu yangu. Nilikuwa nimeanza kuipenda ofisi ile, hadi afisa alipofungua ukurasa wa ridhaa. Aliniuliza kama mke wangu ameridhia. Nikasema karatasi inaonesha hivyo. Mwalimu hasemi uongo, anaelekeza kwenye karatasi.

"Basi aingie," akasema.

Akaingia dada wa fotokopi, na nyuma yake nakala zake tatu, kila moja imefifia kuliko iliyotangulia, kama wino ulikuwa unaisha. Afisa aliwauliza wananifahamu vipi. Wa kwanza akasema huwa natoa kopi za mitihani na sina kawaida ya kuwa na chenji. Wa pili akasema walipewa soda. Wa mwisho, aliyefifia hadi unaona michai kupitia kifuani mwake, akasema yeye hata hiyo soda hakuionja. Wakaondoka kwa mpangilio uleule.

Ndani ya bahasha nililowa jasho. Mwanamke aliye pembeni yangu alinigeukia, akanitazama kwa matundu yake mawili muda mrefu sana. Macho yale pia nilikuwa nayafahamu.

"Ulishindwa kumwambia mwenyewe?" akaniuliza.

Nikamwambia nilitaka aione bati tu, asione nilikoitoa. Alipangusa kitu ndani ya bahasha yake kwa kuipapasa kwa nje.

"Imebaki dhamana," alisema Afisa Mgaya. Akasoma orodha za vitu vya nyumbani tulivyoweka rehani, yangu na ya mwanamke. Zote mbili zilikuwa zimeandikwa kitu kimoja, mninga, futi tano kwa sita, mguu mmoja umeinuliwa kwa daftari. Akapiga mluzi, na kitanda kikaja kikipita kati ya mistari ya chai kwa miguu yake minne, polepole, kikichechemea mguu wa daftari.

Aliyekichonga ni fundi wa kule Changarawe, mwaka tuliooana. Nilikitambua mara moja, na bado sikukumbuka kushangaa.

"Nimewekwa rehani mara mbili," kilisema kitanda, "kwa watu wawili wasiojuana."

Afisa alikiuliza nani alikiweka. Kitanda kikasema hakiwezi kutaja majina kwa sababu ya siri ya mteja, ila kinaweza kutaja pande. Mara ya kwanza kiliwekwa na anayelala upande wa ukutani. Mara ya pili, na anayelala upande wa mlango.

"Walikwambia wenyewe?"

"Hakuna anayeniambia kitu. Huyu wa ukutani huhesabu madeni kwa vidole chini ya blanketi, akidhani mwenzake amelala. Huyu wa mlangoni hulia bila kutikisa godoro, akidhani mwenzake amelala. Nimewabeba hivyo miezi minane. Uzito wao siulalamikii. Nachoka kwa kuwa wote wawili wako macho."

Mimi hulala upande wa ukutani. Nafundisha hesabu, na hii ilikuwa hesabu ndogo, lakini ilinichukua muda hadi manyunyu yakakatika. Jibu lilipokuja niliumia mahali ambapo sijawahi kuumia. Unga niliokula. Mchele. Jumatano zote nilizomuaga kwa kumwambia wasimchoshe sana huko kwaya. Sikuthubutu kumgeukia, na yeye hakunigeukia. Bahasha zetu zilitazama mbele kama watu walio kanisani.

Afisa Mgaya akasimama kutoa uamuzi. Alisema kitanda hakichukuliwi, watu lazima walale. Alisema ofisi itawaandikia wakopeshaji wote wawili, Riba apunguzwe urefu, kadi ibaki kwa mwenyewe. Nikamuuliza kama hayo yanamaanisha tumesamehewa. Akaniangalia kwa upole, kama ninavyomwangalia mtoto aliyejumlisha mahali pa kutoa.

"Dawa ya deni ni kulipa, mwalimu," akasema. "Lakini hata dawa ina dozi. Mtu hanywi chupa nzima asubuhi moja, tena kabla hajala."

Akatuandikia dozi, ndogondogo, kila moja baada ya chakula. Kisha akasukuma fomu mbili mbele yetu. Kila fomu ilikuwa na mstari mtupu wa ridhaa ya mwenza. Hapo ndipo alipokuwa mkali. Alisema ofisi inaweza kupambana na droo, na Riba, hata na kikundi kizima kilichokaa kwenye makochi, lakini mstari ule haina uwezo wa kuujaza. Unajazwa nyumbani, bila bahasha. Usipojazwa, majalada yanarudi kabatini na kila kitu kinarudi kilipokuwa, kadi gizani na mama huyu kwenye Jumatano zake. Akarukia neno nyumbani, akajifuta wino, akaenda kunywa chai.

Tukabaki wawili. Kitanda kikatukaribisha tukae, tukakaa ukingoni, kila mmoja upande wake. Shamba la chai sasa lina kuta na dirisha letu la nyuma. Kadi imelala kiganjani mwangu. Mvua inaanza, juu ya bati, na hakuna beseni hata moja sakafuni.

Nilitaka kumwambia nimemtambua. Niliogopa kuvunja siri ya mteja. Nikauliza tu kama mtu wa kwenye foleni.

"Huyo mumeo, ukianza kumwambia, utaanzia wapi?"

Bahasha yake ikapanda na kushuka mahali pa kupumulia. Alipofungua mdomo ajibu, nikaamka.

Kulikuwa kunapambazuka na ukungu umeegemea dirisha. Nilipapasa kiganja, hakikuwa na kadi. Droo bado inayo, pale mtaa wa pili, pamoja na za wenzangu. Nikajiambia ni ndoto, nikapata nafuu, halafu nikaona aibu kwa kupata nafuu.

Twilumba alikuwa macho. Alikuwa ameketi ukingoni upande wa mlango, amejifunika shuka mabegani, mgongo kwangu. Sikuwa nimetamka neno. Mimi siongei usingizini, kwa miaka kumi na sita angeshanitania.

"Nitaanzia mwanzo," akasema. "Nikianzia katikati nitaficha tena."

Nikatoka ukutani, nikasogea hadi nilipofika karibu naye.

"Mimi ndiye niliyekopa kwanza, Mama Olipa," nikamwambia. "Niache nianze mimi."

Akanitazama, hana mshangao wowote. Akapandisha tena miguu kitandani, akanisikiliza.