Mbegu Kumi na Moja za Mwaloni wa Orrin

Mimi nina hasira za karibu, kila mtu hapa kaunti anajua, na mume wangu Orrin amezivumilia miaka arobaini na sita. Kwa hiyo naomba nisiambiwe ninyamaze. Wanawake wa kanisa letu waliniulia mwaloni, tena kwa wema wao.

Mwaloni wenyewe uling'olewa na upepo mwezi wa Oktoba, pale mbele ya nyumba. Baba yake Orrin aliupanda mwaka aliozaliwa Orrin. Oktoba hiyo daktari alikuwa ameshamwambia Orrin kuhusu mapafu yake kwamba akiiona Juni, amshukuru Mungu. Kwa maneno ya daktari hakutoa hata chozi. Kwa ule mti alilia, jamani, mpaka nikamfungia mlango jirani asimwone.

"Nitakununulia mche mjini," nikamwambia.

"Wa mjini wa nini? Mimi namtaka mtoto wa huyu. Nimwone ametoa majani mawili tu, LaVonne, halafu niende zangu."

Kindi walikuwa wameshazoa karibu kila kitu. Tuliokota mbegu kama arobaini, akazitia kwenye ndoo ya maji. Zilizoelea akazitupa, kwa kuwa ndani zimeliwa na funza. Zilizozama zilikuwa kumi na moja. Akazifukia kwenye unga wa mbao wenye unyevu, akafunga mfuko, akauweka kwenye droo ya chini ya friji. Mwaloni wa aina ile lazima uonje baridi miezi mitatu ndipo uamke. Baridi tu, lakini, isiwe barafu. Juu ya mfuko hakuandika neno. Aandike ili asome nani? Friji ni yetu wawili.

Januari pumzi zilimkatika, akalazwa siku tisa, nami nikawa nalala kwenye kiti cha hospitali. Huku kwetu mtu akiugua, wanawake wa kanisa hawasubiri kuitwa. Huingia, wakadeki, wakajaza friji mabakuli ya tambi na kuku, kila bakuli lina jina la mwenyewe chini yake kwenye kipande cha plasta. Tuliporudi nyumba inang'aa. Nilishukuru kwa moyo wote, sisemi uongo. Droo sikuifungua. Nilikuwa na mitungi ya oksijeni ya kushughulika nayo, na mabakuli hayakwisha.

Machi ikafika. Orrin akakata makopo marefu ya maziwa, maana mzizi wa mwaloni hushuka kwanza kabla jani halijachomoza. Akajaza udongo akiwa kitandani, akichafua shuka zangu zote, na sikumgombeza.

"Haya, niletee watoto!" akaniita.

Nikafungua droo. Karoti. Ardis, mmoja wa wale wanawake wa kanisa, alikuwa pale jikoni, ameleta supu, anatafuta mwiko.

"Ardis, hapa palikuwa na mfuko."

"Wa zile njugu? Usihangaike, dada, nilikutilia kwenye friza kule chini. Nafasi ilikuwa hamna, na njugu kwenye friji si zinaota ukungu? Mama yangu za kwake za porini aligandisha maisha yake yote."

"Tangu lini?"

"Tangu Januari. Mbona umebadilika sura? Kaa kitako, umechoka wewe."

Nilishuka ngazi. Mbegu zilikuwa zimeganda, ngumu kama kokoto. Niliporudi Ardis ameshaondoka, na ilikuwa salama yake.

Nilifikiria kudanganya. Ningeweza kuchukua mbegu nyingine, mwaloni wowote. Lakini Orrin mbegu zile alikuwa amezishika moja moja, na mimi kwa uongo sina kipaji. Nikampelekea zilivyo. Zilipoyeyuka akaminya moja kwa ukucha, ikatoa maji meusi. Akaminya ya pili. Akaziminya zote kumi na moja, taratibu, nami nimesimama tu.

"Nani?" akauliza.

"Ardis. Alidhani ni njugu za kula. Nampigia sasa hivi, leo atanitambua!"

"Weka simu chini."

"Orrin, kakuulia..."

"Weka simu, mama." Akavuta pumzi, ikachukua muda. "Mimi naondoka. Atakayekuja kukugongea mlango theluji ikianguka ni nani? Mimi? Ni Ardis. Ukimtamkia hili hatakanyaga tena hapa kwa aibu. Utabaki na nani, na mdomo wako huo?"

Nikaiweka simu chini. Nilimchukia kwa kuwa alisema kweli.

"Zipande hivyo hivyo," akasema. "Akija tumwambie zilikuwa mbegu za mwaloni na friza haikuzidhuru, aone tumepanda."

Nikazipanda, kila moja na kopo lake, tukazipanga dirishani. Kila Jumapili Ardis aliuliza, "Vipi, bado?" Orrin akamjibu, "Bado, hizi zimerithi uvivu wangu," wakacheka wote wawili. Mimi nikatazama supu.

Alifariki tarehe kumi na nne Mei, asubuhi. Ardis ndiye aliyepika chakula cha mazishi, ndiye aliyeosha vyombo, ndiye aliyebaki watu walipotawanyika. Kisha nikamwona amesimama dirishani na birika, anamwagilia makopo, moja baada ya jingine, kwa uangalifu, machozi yanamtoka.

"Tusimwangushe Orrin, dada," akaniambia. "Nitakuwa napita kila siku kuzinywesha. Unaniruhusu?"

Nikamwambia, "Ndiyo, Ardis. Asante."