Maikrowevu ya Docus

Nilichukia kile chombo tangu kilipotolewa kwenye boksi. Docus, mke wa mwanangu, alikiweka juu ya meza ya jikoni, mahali nilipozoea kuweka kikapu changu, akakipangusa kwa kitenge kana kwamba ni mtoto aliyetoka kuogeshwa. Mwanangu Tsongo alikinunua hapa Kasese mjini, eti kwa sababu zamu za kiwanda cha saruji kule Hima humrudisha nyumbani saa yoyote.

Saa yoyote ndiyo nilikuwa nikimpikia! Nilipofiwa na mume wangu kule Bwera nikahamia kwao, kazi yangu ilikuwa moja tu: kusonga obundu, ugali wetu wa muhogo, mwanangu anapoingia mlangoni. Wa moto, kikapu kimoja katikati, sote tunakizunguka na kumega. Kwetu obundu hauna sahani yako na sahani yangu.

Maikrowevu ilifuta yote hayo. Docus alipika Jumapili, akajaza friji vibakuli vyenye vifuniko, na kila mtu akawa anapasha chake. Immy, mjukuu wangu, alikula macho yakiwa kwenye televisheni. Tsongo alikula amesimama. Mimi niliketi na kikapu changu kama mgeni aliyesahauliwa kukaribishwa.

"Mama, pasha na yako," Docus aliniambia. "Ni dakika mbili tu."

"Mimi siko mufungwa wa kukula chakula ya jana. Na hiyo sanduku yako inanuka."

"Basi lala njaa, Mama."

Ndivyo alivyonijibu, tena mbele ya mtoto.

Jioni moja nilikwenda kwenye maombi, nikaacha obundu tayari kikapuni, nimeufunika vizuri. Docus aliona uvivu hata wa kuuhamishia kwenye bakuli. Alikitumbukiza kikapu kizima ndani ya maikrowevu. Kikapu hicho alikisuka mama yangu mzazi, na ukingo wake ulipokatika niliushona kwa waya wa tairi, kama wanawake wote wa kwetu wanavyofanya. Niliporudi, jiko zima lilikuwa moshi mtupu. Kikapu kilikuwa kimeungua nusu, na maikrowevu imekufa.

"Umeweka waya kusudi!" Docus alinipigia kelele. "Ulitaka kuiua!"

"Na wewe umechoma kitu ya mama yangu! Mikono yako iko na ugonjwa gani, hata bakuli inakushinda?"

Hatukupigana, lakini si kwa kukosa hamu. Tsongo alitukuta bado tunafokeana. Hakuuliza nani alianza, alifungua dirisha tu, akaenda kuoga.

Siku zilizofuata nilikuwa malkia. Nilisonga obundu kwenye sinia, wote wakaketi chini, mikono ikakutana katikati. Docus alinuna tangu tonge la kwanza hadi la mwisho, na kununa kwake kulinitia hamu ya kula. Tsongo alikula kimya. Mimi nilidhani ni utamu.

Kisha akaja na fundi. Nyuma ya nyumba wakanijengea jiko la mabati, lenye mafiga mapya, kigoda, na kuni zilizopangwa hadi juu. Atuhaire, jirani yetu, mke wa polisi, alipiga vigelegele kwenye ua.

"Mama Tsongo, uko na bahati! Mutoto anakupenda!"

"Hapa utapika vile unataka, Mama," Tsongo aliniambia. "Hakuna mutu atakusumbua."

Nilimbariki mwanangu, tena kwa machozi. Jioni ile ile niliwasha moto, nikasonga obundu mwingi, nikaugeuza kwenye sinia ukifuka mvuke. Nikamwita Tsongo. Nikamwita Immy. Hata Docus nilimwita.

Dirishani nilisikia maikrowevu mpya ikilia, kisha kiti kikavutwa, kisha televisheni. Nilikaa na sinia magotini mpaka mvuke ukaisha, nikamega mwenyewe. Mwanangu alitimiza neno lake. Hakuna mtu aliyenisumbua.