Farasi Asiyejua Kutembea

Gari la maksai lilikuwa limeshaipita miche ya mipichi, na Hester Kruywagen, aliyeipanda kwa mkono wake, hakugeuza shingo. Tenga la kuku lilining'inia chini ya gari likigongagonga. Mbele, Windvogel, mchungaji wao Mkhoi, aliwaongoza maksai kwa kamba. Nyuma, mumewe Gysbert aliswaga kondoo, wengi wao wakikaribia kuzaa, kuelekea nchi ambayo maji yake aliyasikia kwa watu tu.

Chemchemi yao waliipoteza Jumanne. Huko Camdeboo serikali iligawa mashamba kwa mwendo wa farasi: anaanzia mlangoni pa nyumba, anatembea nusu saa kila upande, na anapofika ndipo mpaka. Jirani yao Roelof alitangulia kufika wilayani, hivyo akapimiwa kwanza. Mzee Terblans, jumbe wa wilaya, aliketi mlangoni pa Roelof na saa ya mchanga, na mchanga ulipokwisha akafyatua bunduki. Mlio ulimkuta Roelof na farasi wake wa kijivu wameshaipita chemchemi ya akina Hester. Gysbert hakuona lolote la kupinga. Muda wote alikuwa ameinamia ile saa, akilinda isije ikatikiswa.

Sasa Roelof alikuwa akiwasindikiza hadi mtoni, kama desturi ilivyotaka, pamoja na Mzee Terblans aliyekuwa akirudi kwake.

“Binamu Hester, usininunie,” Roelof alisema. “Kipimo ni...”

Maneno mengine yalipotelea mbele, kwa kuwa farasi alikwishawapita maksai. Roelof akamgeuza, akarudi, akaanza upya kwamba kipimo ni kipimo, akapelekwa tena. Mara ya tatu Windvogel alisema bila kugeuka, “Bwana Roelof, bora ushuke utembee mwenyewe. Huyo kutembea hajui.”

Hester akamwambia asimamishe maksai.

“Mjomba Terblans,” akaita, “amri inasema farasi afanyeje?”

“Atembee, mwanangu.”

“Basi mwambie Roelof atembee naye hadi lile jiwe.”

Roelof akacheka, akajaribu. Farasi alikwenda telki, ule mwendo wa haraka na laini ambao mpandaji hunywa kahawa bila kumwaga. Alipovutwa hatamu alirudi kinyumenyume. Alipoachiwa, telki tena. Mzee alitazama mpaka kiko kikazima mdomoni.

“Ndivyo alivyozaliwa, mjomba,” Roelof alisema.

“Basi kazaliwa nje ya sheria. Tunarudi kupima.”

Safari hii Terblans alimpandisha Roelof jike lake mwenyewe, farasi mzee mwenye tumbo. Saa Gysbert alimwachia mzee, yeye akamtazama farasi. Hester alisimama kwenye chemchemi, macho upande wa magharibi. Bunduki ilipolia, Roelof alikuwa bado mbali kule uwandani, mdogo kama mbegu, na pale akasimama. Gysbert alipofika, Hester alimwambia awafungulie kuku kwanza, wamegongwa vya kutosha.

Kondoo walizaa wiki ile, wakafa wana-kondoo wanne tu. Roelof alinuna mwaka mzima, kisha akahamia kaskazini, na farasi akampa mkwewe. Mzee Terblans alijaliwa kuwapimia wengine miaka sita, akafa kwa kifua. Gysbert aliumwa na nyoka zizini akapona, akaja kufa kitandani. Windvogel, ambaye babu yake alinywesha ng'ombe kwenye chemchemi ile kabla ya nyumba yoyote kujengwa, hakuna aliyemuuliza mpaka wake ulikuwa wapi. Alichunga pale hadi uzeeni, akazikwa nyuma ya zizi. Hester alizaa tisa, wakakua sita, akafikisha miaka themanini na moja. Mipichi ilizaa kuanzia mwaka wa tatu.