Friji Lenye Homa

Mshale wa kipimajoto ulikuwa umelala kwenye thelathini na nane, na Mama Sisimizi hakutaka kusikia maneno mengine.

"Shemeji, friji lako lina homa."

Mwenye duka, ambaye mtaa mzima ulimwita Baridi kwa jinsi alivyonadi soda zake kutwa, aliinua kichwa kutoka kwenye kreti. Alimtazama yule mama, akalitazama friji.

"Basi tulitafutie vidonge," akasema, akaendelea kupanga chupa.

Mama Sisimizi hakucheka. Kwenye rafu ya chini, nyuma ya soda, kulikuwa na kikopo cha plastiki chenye kifuniko cha bluu, na ndani yake vichupa viwili vya insulini. Uhai wa binti yake ulikuwa mle. Mtoto mwenyewe alikuwa wa miaka sita. Walimwita Sisimizi tangu anatambaa, kwa udogo wake na kutotulia kwake, kabla hata sisimizi wenyewe hawajaanza kujipanga mstari kwenda kwenye kopo lake la haja ndogo. Wale ndio waliowafikisha zahanati, wakaambiwa mtoto ana kisukari. Tangu hapo ikawa sindano asubuhi, sindano jioni, na karatasi iliyokunjwa ndani ya kila boksi ikionya vilevile: dawa ikae kati ya nyuzi mbili na nyuzi nane, na isigande kamwe. Nyumbani friji hawakuwa nalo. Baridi alikuwa nalo, na hakuwahi kudai hata asante.

Friji lake la kwanza halikuwa na kipimajoto, na dawa ilikaa salama kwa kuwa hakuna aliyeuliza. Mambo yaliharibika lile lilipokufa, Baridi akaleta jingine la mtumba kutoka ng'ambo, na kipimajoto chake kimening'inia kwenye rafu, kisahani cha duara chenye mshale mwekundu. Na kama kwa kukusudia, wiki hiyohiyo mwalimu wa darasa la jioni la watu wazima, alilosoma Mama Sisimizi, akafundisha somo la joto. Maji huganda kwenye sifuri. Huchemka kwenye mia. Mwili wa mtu mwenye afya ni kama thelathini na saba. Mama Sisimizi aliyashika yote, kwa sababu aliyaimba huku akisugua masufuria, na binti yake akaitikia kiitikio bila kujua anaitikia nini.

"Mtoto wangu akifika thelathini na nane namkimbiza hospitali," alisema. "Hilo friji lako unaliangalia tu."

"Weka mkono ndani."

Akaweka. Kulikuwa baridi. Hilo ndilo lililomkera zaidi, mkono useme hivi na namba iseme vile, wakati darasani walishaambiwa kwamba mkono ni mwongo na ndiyo maana watu wakatengeneza vipimo.

Baridi akazungusha kitufe kidogo. Kesho yake mshale ulisema thelathini na sita. Mama akaomba tena, ukashuka thelathini na nne. Kila alipokwenda kuchukua dawa ya mtoto alianza na kisahani kile, na kila mara kilimjibu jeuri. Anatafuta nane, mshale unamletea thelathini na tatu! Wateja nao wakaanza kulalamika kwamba soda zinauma meno. Baridi akawa kila akimwona yule mama akivuka barabara, anajipa kazi ya kufagia uani.

Mama alimpigia simu mumewe, aliyekuwa safarini na lori. Mume akamshauri amwache mwenzake apumue, friji ni la watu.

"Friji ni la watu," akasema, "na mtoto ni wa nani?" Akakata simu, kisha akaumia moyoni, maana mume hakuwa na kosa. Ila hasira ikikosa pa kwenda humshukia aliye karibu, hata kama yuko mbali ndani ya lori.

Jioni hiyo alimbana Baridi mpaka mwisho. Baridi alikishika kitufe, akakizungusha hadi kikagoma.

"Haya. Hapo pasipokuwa na baridi, nenda kaiweke dawa yako mawinguni."

Asubuhi mama alifika amemshika mtoto mkono, mtoto amevaa sare ya shule na hajala, maana kwake sindano hutangulia chakula. Baridi alikuwa amepiga magoti na kitambaa. Soda mbili zilikuwa zimepasuka, uji wa kahawia umegandiana na vigae. Chupa za maji zilikuwa zimevimba na kuwa nyeupe kama mayai.

"Umefurahi?" aliuliza bila kuinuka. "Tazama. Hata mshale wako umeshuka. Ishirini."

Mama alikwisha kukinyakua kikopo. Aliinua kichupa kimoja kwenye mwanga, akakitikisa. Hakikutikisika kitu. Akachukua cha pili. Kilikuwa vilevile, kimeganda kama jiwe ndani ya kioo.

Baridi aliona uso wake, akaacha kufuta. Sauti ikamshuka. Akamwambia asiogope, aianike juani kidogo. "Barafu ikiyeyuka, shemeji, si yanarudi maji yaleyale?"

Ndivyo hata mwalimu alivyosema. Kwa kitambo mkono wake ulikifumba kichupa, ukakipa joto, na moyo ukamwambia kitayeyuka, nani atajua. Pembeni yake Sisimizi alikuwa ameshainua shati na kutoa tumbo, kama alivyozoea, amefumba macho.

"Bado, mama," akamwambia mwanawe, akalishusha lile shati. "Karatasi imekataa."

"Nina njaa."

"Najua."

Ndipo akaugeukia mshale kwa chuki. Ishirini, na mbele yake chupa nzima ya barafu. Maji hayagandi kwenye ishirini. Hilo lilikuwa kama jina lake mwenyewe, hakuna wa kumdanganya. Basi mmoja kati ya hawa wawili anasema uongo, na barafu alikuwa ameishika. Akakivuta kisahani karibu na pua. Chini ya mshale, ndogo kama kinyesi cha nzi, ilikuwepo herufi moja: F.

Akakumbuka ukurasa. Mwalimu alikuwa amefika hapo akatazama saa, akasema kuna kipimo kingine kinaitwa Farenhaiti, chenyewe maji huganda kwenye thelathini na mbili, lakini hakitoki kwenye mtihani, kwa hiyo waruke. Wakaruka. Darasa zima liliruka pamoja kama mbuzi wanaovuka mtaro, na yeye katikati yao, anashukuru kwamba watatoka mapema.

Kumbe ile thelathini na nane ya mwanzo ilikuwa baridi ya haki kabisa. Friji halikuwahi kuwa na homa. Yeye ndiye aliyelisukuma, siku baada ya siku, hadi likaua dawa aliyokuwa akiilinda.

Alimbeba mtoto mgongoni, ingawa alikuwa mkubwa wa kubebwa, akatoka.

Zahanati palikuwa na foleni. Alipita mbele, akatukanwa, akapita. Muuguzi alikiinua kichupa, ambacho sasa kilikuwa kimeyeyuka na kung'aa kama maji ya kunywa, akauliza kimefanyaje. Angeweza kusema kimepotea.

"Kiliganda, sista."

"Uliambiwa kisigande."

"Niliambiwa. Nilikuwa nakizuia kisiive."

Muuguzi alimtazama, pengine akitafuta tusi linalofaa. Akaeleza tu kwamba dawa hii ikishaganda huharibika, hata ikionekana safi huwezi kuiamini, na akavidondosha vichupa vyote viwili kwenye ndoo ya taka. Vikalia kwa pamoja. Akamchoma mtoto kwa dawa ya pale, akampa mama kichupa kimoja. Cha pili hakikuwepo, mpaka shehena nyingine ifike, na yeye hakujua itafika lini. Hiki kikiharibika, wawe wanakuja hapa asubuhi na jioni.

Aliporudi dukani, kichupa kimefungwa kwenye kitambaa kibichi, Baridi alikuwa amesharudisha kitufe katikati. Alisikiliza habari ya herufi F akiwa amekunja mikono, uso umekataa. Mama akaomba ndoo. Akavunja barafu ya zile chupa, akaongeza maji, akakitia kipimajoto ndani ya mfuko wa plastiki na kukizamisha. Mshale ukapanda taratibu. Ishirini na sita. Thelathini. Ulipofika thelathini na mbili ukatulia. Walisubiri. Barafu ikaendelea kuyeyuka, Sisimizi akaendelea kula mkate wake, mshale haukusogea hata kidogo.

"Hapo ndipo sifuri yetu ilipo," mama akasema.

Baridi alikuna kidevu. "Thelathini na mbili ndiyo sifuri? Watu hao wanahesabu vidole kuanzia wapi?"

Safari hii mama alicheka kidogo, halafu machozi yakamlengalenga, akainamia mkoba kuyaficha. Alitoa rangi yake ya kucha, nyekundu, iliyobaki tone chini. Akachora mstari mnene kwenye kioo cha kisahani, juu ya thelathini na mbili, na mistari miwili myembamba kwenye thelathini na sita na arobaini na sita. Akamwonyesha Baridi: mshale ucheze kati ya hii miembamba, na ule mnene usiuguse. Akakirudisha kisahani kwenye rafu, lakini dawa hakuiweka. Alikaa juu ya kreti na kitambaa chake kibichi mapajani, akiutazama mshale, mpaka ulipotulia kwenye arobaini na kubaki hapo. Wateja walimzunguka kuchukua soda. Hata hivyo mkono wake ulisita mlangoni, na kifuniko cha bluu alikifunga, akakifungua, akakifunga tena.

Jioni, akielekea darasani, alipita kuchungulia. Arobaini na moja.

"Bado iko hai," Baridi alisema. Halafu akamwita alipokuwa ameshafika barabarani. "Shemeji! Mwambie mwalimu wako soda zangu mbili zimekufa kwa ukurasa mmoja."

"Nitamwambia," alisema. "Na leo haturuki."