Joto la Boneti

Gari lililolala usiku kucha husema kweli asubuhi. Hilo ndilo jambo la kwanza nililofundishwa katika kazi hii, nami nimelirudia kwa kila mtu aliyeniomba nimkagulie gari kabla hajanunua. Injini baridi haina adabu: ikiwa na ugonjwa, itakohoa mbele ya wageni. Ukiipasha moto kidogo kabla mnunuzi hajafika, inatulia kama mlevi aliyeogeshwa. Mimi ni Pashk, fundi wa magari hapa Shkodër, Albania, kwa miaka thelathini na moja, na haya nayajua kuliko ninavyozijua sala zangu. Ndiyo maana sina pa kujificha.

Mhill alikuja gereji kwangu mwezi wa Septemba, miaka minne iliyopita. Tulikuwa jeshini pamoja, yeye kitanda cha juu, mimi cha chini, na urafiki wetu haukuwahi kuingia doa. Anakaa mlimani, mwendo wa saa moja na nusu kutoka mjini, katika nyumba ya mawe aliyoijenga kwa mikono yake. Mwaka ule figo za mkewe, Drande, zilikuwa zimekwisha kabisa, na ilimlazimu kushuka hospitali mara tatu kwa wiki kusafishwa damu. Gari la abiria la kijijini lilimtikisa hata akashuka analia.

"Madaktari wanasema tuhamie mjini," Mhill aliniambia. "Drande hataki kusikia. Anasema aliingia nyumba ile bi harusi na atatoka maiti, basi. Nataka gari, Pashk. Kubwa, laini, lisilomrusharusha. Na lidumu. Nataka gari litakalonizika mimi, si nitakalolizika mimi."

"Magari ya kifahari yaliyotumika yana siri kuliko kasisi," nikamwambia.

"Ndiyo maana nimekuja kwako, sikwenda kanisani."

Nikacheka, nikampeleka kwa Gjelosh, nje ya mji. Kosa langu lilianzia hapo. Gjelosh huleta magari kutoka Ujerumani, tena ni kumbari yangu, maana yeye ndiye aliyemkata mwanangu nywele za kwanza. Kwetu mtu aliyeshika mkasi ule ni zaidi ya ndugu. Unaweza kugombana na ndugu yako mkapatana wakati wa Pasaka. Kumbari ukimvunjia heshima nyumbani kwake, wajukuu wenu watasimuliana.

Nilimpigia simu siku moja kabla, nikamwomba asiliwashe gari mpaka tufike. "Halijawashwa tangu Jumapili, kumbari," akasema. "Njooni mapema mnywe kahawa."

Tulifika saa moja na nusu asubuhi. Lilikuwa sedani jeusi la Kijerumani, lenye miaka kumi na miwili, viti vya ngozi rangi ya maziwa, na kwenye dashibodi kilomita laki moja na arobaini elfu. Mhill alilizunguka mikono ikiwa mgongoni, kama mtu aliyeingia nyumba ya askofu. Mimi nikaanza kazi. Raba ya pedali ya breki ilikuwa mpya kabisa, lakini usukani ulikuwa umesuguliwa na viganja mpaka ngozi imekuwa laini na inang'aa. Kilomita laki moja na arobaini elfu haziwezi kuula usukani namna ile. Nikafungua kitabu cha sevisi. Mihuri ya miaka tisa, yote kwa wino mmoja, na saini zimelala upande mmoja kana kwamba mtu alikaa mezani akazimaliza kwa mkupuo.

Hayo yote bado yangeweza kusemeka kwa utani. Kisha nikaweka mkono kwenye boneti, kama mtu anayeegemea tu.

Ilikuwa na joto. Magari mengine uani pale yalikuwa yamelowa umande kuanzia paani hadi kwenye taa. Hili lilikuwa na umande kila mahali isipokuwa kwenye boneti. Gjelosh aliutazama mkono wangu, akanitazama usoni, kisha akatazama pembeni. Nami mkono sikuuondoa upesi.

Mkewe akatokea na sinia: kahawa, jibini, glasi ndogo za raki, pombe yetu kali ya zabibu. "Karibuni, kumbari. Na kale katoto kangu ka nywele kanaendeleaje?"

"Katoto kako kana ndevu na kananidai pikipiki," nikasema, tukacheka wote.

"Liwashe, kumbari," Gjelosh akasema. "Kizuri chajiuza."

Nikaliwasha. Injini ikaitika kwa sauti ya chini, safi, bila mtetemo. Ingekosaje, na ilikuwa imekwisha kupashwa?

Kulikuwa na maneno matano tu ya kusema: tutarudi kesho asubuhi likiwa baridi. Fundi yeyote huyasema, na hakuna aliyewahi kufa kwa ajili yake. Lakini Gjelosh angeyasikia kama "umenidanganya," yakisemwa uani kwake, mbele ya mkewe na mbele ya mgeni, na sinia lake limekwisha kuwekwa. Nikachukua kikombe. Nilikinywa kile kikombe, na mpaka leo sijui kilikuwa na sukari au hakina.

"Pashk," Mhill akauliza, "litanifikisha miaka kumi?"

"Injini imetulia," nikajibu.

Haukuwa uongo. Nimewahi kudanganya watu katika maisha yangu, sijifanyi malaika, lakini hakuna uongo wangu uliowahi kufanya ubaya uliofanywa na ukweli ule mdogo. Mhill akanyoosha mkono, Gjelosh akaupokea. Kwetu mkono ukishapeanwa haurudi mfukoni.

Tukarudi pamoja, Mhill akiendesha. Alizima redio alisikilize gari lake.

"Unasikia?" akaniuliza.

"Nini?"

"Hakuna kitu. Unasikia jinsi hakuna kitu?"

Nilikuwa na dakika arobaini za kumwambia. Ningesema, simama kando, ndugu yangu, nina neno. Nami ningemrudia Gjelosh peke yangu, faraghani, tukalimaliza kiutu uzima. Badala yake nikajibembeleza: huenda si kitu, huenda alilisogeza tu kulitoa kivulini, na hata kama cheni ya ndani ya injini imelegea, zipo zinazopiga kelele miaka mitano zisikatike. Mtu akitaka kujidanganya haishiwi na utaalamu.

Drande alilipenda gari lile kuliko hata Mhill. Walipita gereji siku ya kwanza ya hospitali, akateremsha kioo. "Shemeji, nimeolewa nikakalia kigunia cha mahindi juu ya punda. Leo makalio yangu yanalala kwenye ngozi ya Kijerumani. Nife vipi sasa, na ndiyo kwanza nimeanza kukaa vizuri?"

"Usife," nikamwambia. "Mhill hajui kupika."

"Hata maji yanamuungulia," akasema, akapandisha kioo.

Ukitaka kujua kwa nini sikulisikia gari lile likiwa baridi, ni kwa sababu lilifika kwangu kila mara likiwa limeendeshwa saa moja na nusu. Lilikuja limeshapoa hasira. Mwezi wa Novemba Mhill akasema, bila wasiwasi wowote, "Asubuhi linakohoa kidogo. Sekunde mbili tatu hivi, tena upande wa mbele. Kama wewe na sigara zako."

Nikaweka spana chini. "Liache hapa lilale," nikasema.

"Jumatatu, Jumatano, Ijumaa tuko hospitali. Niliache lini?"

Nilipaswa kusema: liache leo, tafuta gari la kuazima, hili si la barabara ya mlima. Lakini angeniuliza, umejuaje kabla hujafungua? Nami ningelazimika kumweleza nimejua tangu lini. Basi nikafanya kitu ambacho nimewatukana wauzaji kwa ajili yake maisha yangu yote. Nikamwekea oili nzito zaidi, ile inayofunika kelele. Wiki iliyofuata akanipigia kunishukuru. Kikohozi kimepona, akasema, una mikono ya baraka.

Cheni ilikatika Februari, Jumatano, kwenye kona za juu, theluji ikianguka. Injini ilizima ghafla, na Mhill akalizuia lisirudi nyuma kwa kulielekeza kwenye ukuta wa mlima. Simu hazishiki pale. Walikaa humo ndani, Drande amefunikwa koti la mumewe juu ya koti lake, mpaka alasiri lori la mbao lilipopita. Siku hiyo alikosa matibabu, maji yakamjaa mapafuni, akalazwa siku tisa. Alipotoka, binti zao hawakuuliza mtu. Wakawapangishia vyumba viwili karibu na hospitali, ghorofa ya nne, na nyumba ya mawe ikafungwa.

Mimi nililivuta gari hadi gereji. Nilipofungua injini nilikuta yote niliyokuwa nayajua. Nikaagiza cheni, vali, kila kitu, sikumtoza Mhill chochote, na kila aliponishukuru nilitamani anitukane. Kila nilipopanda zile ngazi kuwatembelea, Drande aliniuliza swali lilelile kama mtu anayeulizia mgonjwa. "Shemeji, gari litapona lini? Nyumba haijafunguliwa madirisha tangu baridi. Itaota ukungu."

"Karibu, Drande. Nasubiri vipuri."

Lilipona mwezi wa Julai. Lakini kufikia hapo daktari alikuwa amekataza asisafiri hata saa moja. Aliishi ghorofa ya nne miezi kumi na minne. Hakuiona tena nyumba yake, naye alikuwa hataki kitu kingine duniani. Tulipolishusha jeneza, ngazi zilikuwa nyembamba, na kwenye kila kona ilitubidi tulisimamishe wima. Nilishika upande wa miguu. Nililia pale ngazini, na wenzangu wakadhani ni uzito.

Alizikwa mlimani, kama alivyotaka. Gari la maiti likatangulia, nami nikamwendesha Mhill nyuma yake katika lile sedani jeusi. Lilipanda kona zote bila kukohoa. Mhill alikaa kando yangu, kofia magotini, na tulipopita ule ukuta wa mlima akazungumza.

"Siku ile kwa Gjelosh uliweka mkono kwenye boneti."

"Niliweka."

"Ukauacha pale. Nikauona. Nikajiambia, Pashk ameona kitu. Nikangoja." Akaigeuza kofia. "Hukusema. Nikajiambia, basi si kitu. Kingekuwa kitu, Pashk angesema."

"Ilikuwa na joto, Mhill. Nilijua palepale. Nilimwonea haya kumbari."

Tukapita kanisa, tukapita kisima.

"Mimi sikuwa nimenunua gari la Gjelosh," akasema hatimaye. "Nilinunua neno lako."

Nyumbani kwake nilikunywa kahawa chungu ya msiba pamoja na wanaume wengine, akaniwashia sigara kwa mkono wake, kama mila inavyotaka. Hajawahi kunisema kwa mtu. Kila msimu huniletea mfuko wa kokwa za jozi kutoka kwenye mti wake, nami huzila. Gjelosh nilimweleza yote. Akasema, "Hukuniuliza kama nimeliwasha asubuhi ile, kumbari." Ni kweli, sikumuuliza. Siku hizi nikienda kukagua gari sigusi kikombe cha mtu mpaka injini iseme kwanza. Watu wananiona nina kiburi. Sawa.

Majira ya kuchipua yaliyopita Mhill aliliuza lile sedani, kwa kuwa yuko peke yake na kijigari kidogo kinamtosha. Nilikuwa navuka barabara karibu na daraja nilipomkuta uani kwa muuzaji mmoja, mbele ya gari dogo jeupe lililotumika. Kando yake alikuwa Luigj, fundi wa ng'ambo ya daraja, ambaye hata miaka sita hajamaliza kazini. Luigj alikuwa ameweka kiganja kwenye boneti.

Mhill akaniona. Akavua kofia, akatabasamu kweli, si kwa kujilazimisha. "Hujambo, ndugu yangu?"

"Sijambo, Mhill."

Kisha akamgeukia Luigj, akangoja aambiwe.