Kulabu ya Mkate

…na wanampigia makofi, Taoufik Ghedira, mtoto wa Béchir Ghedira wa uchochoro wa wafinyanzi, si wale Ghedira wenye kinu cha zeituni, anatuambia sisi madiwani kwamba mpango wa manispaa wa kupunguza taka uanze na mkate, nani katika mji huu, anauliza, hutupa mkate pamoja na maganda, hakuna, kila nyumba huutia mfukoni na kuutundika mlangoni uchukuliwe na wafuga kondoo, basi kutenganisha taka tayari tunajua, tuupe mkate kulabu ukutani nje ya kila nyumba, kando yake tuongeze mbili tu, moja ya plastiki, moja ya maganda… mimi, Abdesselem Chelbi, nilipokuwa mhandisi hapa niliwapa chombo cha kahawia, mabaki yote humo, mkate pia, wakakataa, mkate ni neema ya Mungu, vyombo vikabaki mitaani vikilaliwa na paka… "Kwa hiyo, Si Taoufik, hata mama mkwe wangu ni mtaalamu wa taka?" anauliza Meya, Si kwetu ni Bwana, "Tena mtaalamu kabisa, Si Meya, mpe mshahara," na Kmar anacheka, mke wangu, pale kwenye viti vya wananchi, mkono mdomoni, mimi hajanichekea hivyo tangu… na yule anavuta koti lake kama bwana harusi… lakini mvua hajaifikiria, mvua za Novemba zitalowesha mifuko, mkate utaota kuvu, kondoo wataula na kufa, kulabu zilipaswa kukaa chini ya roshani, si nje ukutani kama alivyochora, hilo naliona mimi peke yangu na sitalisema, wacha apite, wacha wafugaji waje wamfokee… "Wanaokubali, mikono juu," anasema Meya, mikono inanyooka, kondoo wa nani hao, wa Mongi, jirani yetu, anayechukua mkate kwetu kila asubuhi na kumwita Kmar dada… "Si Abdesselem, umelala?" ananiuliza Meya, sijalala, namtazama Ghedira, jasho linamtoka usoni, anautazama mkono wangu, kumbe ananiogopa, baada ya makofi yote hayo bado ananiogopa… na mkono ungali gotini, Meya anangoja, nami natafuta tu pa kuanzia, nisimwite mwanangu, hapana, nimwite kwa jina lake, Si Taoufik, mchoro wako ni mzuri, ila mvua ikija…