Pikapu Iliyotazama Nyarugusu

Asteria alikuwa amelala chali juu ya katoni iliyotandazwa chini ya pikapu iliyovutwa hadi gereji moja ya Katoro, akifungua tairi la spea ili aifikie kontroli ya pampu ya mafuta. Ni kiboksi cha ukubwa wa kiganja, kimefungwa nyuma kwenye chasisi, mahali ambapo tope hukipiga mwaka mzima. Kazi yake ni kuiambia pampu itoe mafuta kiasi gani, na lini isitoe kabisa.

Mwenye pikapu, Edson, alikuwa na maduara mawili, yaani mashimo ya kuchimbia dhahabu, kule Nyarugusu. Alieleza ugonjwa wa gari lake kwa kifupi. Pikapu ikielekezwa Nyarugusu, inawaka na kwenda bila neno. Ikielekezwa kwingine, iwe Geita, iwe Kahama, iwe kanisani, inazimika. Asteria hakubishana naye. Alipima presha ya mafuta, geji ikabaki sifuri. Aliipa pampu umeme wa moja kwa moja kutoka kwenye betri, ikanguruma vizuri. Fyuzi, rilei na nyaya zote zilikuwa nzima. Basi pampu haikuwa na kosa; iliyokuwa ikiinyima umeme ni kontroli.

Alipochomeka mashine ya kusoma hitilafu, kioo hakikuonyesha namba. Kilionyesha watu. Chacha wa Tarime. Donatus. Eliya. Boaz mtoto wa Bernadina. Chini ya majina paliandikwa: mita thelathini na nane, maji yamefika kifuani, pampu ya maji haijarudi.

Asteria alikifuta kioo kwa kitambaa, akasoma tena. Boaz alikuwa mdogo wake. Masika yaliyopita duara moja la Edson lilijaa maji, na Edson akatangaza kwamba hapakuwa na mtu chini, kwamba vijana wanne waliokuwa wakichimba humo walikwisha kuhamia machimbo ya Chunya. Greda likalifukia. Tangu hapo Bernadina, mama yao, alimwomba Asteria ampigie Boaz kila Jumapili, na kila Jumapili simu ilikuwa haipatikani.

Alimwita Edson aje asome. Edson alivaa miwani, akasoma taratibu mpaka mwisho.

"Pampu ya maji uliipeleka wapi, bosi?"

"Duara la pili lilikuwa limeanza kutoa dhahabu," Edson alisema. "Nalo lilikuwa na maji." Akavua miwani. "Haya maandishi unaweza kuyafuta?"

"Kufuta naweza. Yatarudi."

"Basi badilisha hiyo kontroli."

Kontroli mpya ilikuja kwa basi kutoka Mwanza, ikiwa bado kwenye pakiti yake. Asteria alikwangua kutu kwenye chasisi, akaweka wosha za plastiki ili isigusane na chuma, akakaza nati, akachomeka soketi, akasikiliza pampu ikijaza presha kama inavyotakiwa. Kisha akachomeka mashine. Majina yalikuwa yale yale, kwa mpangilio ule ule, ila maji sasa yalikuwa shingoni.

Gari likitengenezwa, sharti lijaribiwe. Asubuhi iliyofuata alimpitia mama yake, wakashika njia ya Nyarugusu. Pikapu haikukohoa hata mara moja. Ilipita maduka, ikapita mialo ya kuoshea mchanga wa dhahabu, ikakata kona yenyewe na kusimama katikati ya shamba la viazi vitamu lililokuwa juu ya duara lililofukiwa. Asteria alichomeka mashine; Bernadina akaiinamia, akasalimia kwa Kisukuma, kama mtu aliyemkuta mwanawe uani asubuhi.

"Mwangaluka, Boaz."

Kwa kuwa mama hakujua kusoma, Asteria alimsomea jibu: "Mwangaluka, mayu. Waambie warudishe pampu."

Bernadina akauliza kama amekula. Kioo kikarudia: Waambie warudishe pampu.

Kutoka hapo walikwenda kwa miguu ofisi ya kijiji, mashine mkononi. Afisa waliyemkuta aliwapa viti, akamwamkia Bernadina shikamoo, akaisoma mashine mstari kwa mstari na kusikitika kweli kweli. Alisema hana shaka na taarifa ile. Tatizo lake ni kwamba haikuwa na sahihi wala muhuri, na wahusika hawakufika wenyewe. Tena kufukua mahali penye mazao ya mtu kunataka ridhaa ya mwenye shamba, na mwenye shamba ni Edson. Bernadina akaomba basi Edson aandikiwe barua. Afisa akasema ataandikiwa.

Edson alipokuja gereji kuchukua pikapu yake, iliyokuwa imerudishwa kwa kuvutwa, Asteria alimwambia kwamba kontroli mpya haina ubovu, wala ile ya kwanza haikuwa nao. Edson alikaa kwenye usukani akiwaza. Halafu akaigeuza pikapu uso uelekee Nyarugusu, akatia gia ya kurudi nyuma, akaondoka kinyumenyume kwenda Geita. Injini ilinguruma bila kukatika.

Siku hizi ndivyo anavyotembea. Wenye bodaboda walijifunza kumpisha. Trafiki walimsimamisha mara moja, wakatazama leseni, wakamshauri awashe taa za hatari. Jumapili huenda kanisani hivyo hivyo, shingo imepinda juu ya bega, mkewe Kudra pembeni akimwelekeza. Duara la pili bado linatoa.

Asteria naye amepata wateja wengi. Mtu akitaka kununua pikapu iliyofanya kazi machimboni, huileta kwanza kwake ili aipime. Asteria huchomeka mashine, na huwasomea kwa sauti majina yote ya waliobaki chini, hata yakiwa mengi, hata wakimwambia inatosha. Mnunuzi husikiliza hadi la mwisho. Kisha humgeukia muuzaji, akaomba apunguziwe bei.